Mwacheni mtoto afanye mtihani kwanza

Kila Januari, katika shule nilizofundisha, ofisi ya taaluma hugawa jedwali kwa walimu wa kidato cha nne. Kushoto kuna majina ya wanafunzi, katikati kuna masomo, na kulia kabisa kuna safu mbili: pointi zinazotarajiwa na daraja linalotarajiwa. Kila mwalimu wa somo anaandika herufi anayodhani mtoto ataipata Novemba. Wakati huo mtoto hajafundishwa mada hata moja ya kidato cha nne. Mwalimu anaangalia matokeo ya kufunga kidato cha tatu, anaongeza au kupunguza kidogo kwa jinsi anavyomfahamu mtoto, anajaza. Mwalimu wa taaluma anajumlisha, mkuu wa shule anasaini, na hesabu inapanda ngazi kama lengo la shule: daraja la kwanza kadhaa, la pili kadhaa, sifuri hakuna.

Sina ugomvi na shule kujiwekea malengo. Mkuu wa shule asiyejua anakokwenda hawezi kudai hata mwalimu wa Hisabati anayempungukia. Ugomvi wangu unaanza siku jedwali lile linapotolewa ofisini na kubandikwa ubaoni, likiwa na majina, ili watoto “wajitambue.” Likishabandikwa, si mpango wa kazi ya walimu tena. Ni hukumu waliyosomewa watoto wa miaka 16 na 17, miezi kumi kabla ya mtihani.

Nafundisha Jiografia katika nyanda za juu kusini, na kwa miaka mingi nimekuwa pia matroni wa bweni la wasichana. Mwalimu wa darasani humwona mtoto mchana, amechomekea shati na ameshika kalamu. Matroni humwona saa tisa usiku. Mengi ninayoyaandika hapa nimeyaona bwenini.

Orodha ikibandikwa, juma la kwanza bweni zima linaizungumzia: huyu anampongeza yule, yule analalamika kwamba mwalimu wa Kemia amemwonea. Juma la pili waliozungumza sana wananyamaza. Wasichana walioandikiwa wani, kama wanavyoiita wenyewe, hawalali tena. Sheria ya bweni inasema taa zizimwe saa nne usiku. Nikizunguka saa nane nawakuta bafuni, wameketi juu ya ndoo zilizopinduliwa, wameifunika tochi kwa kanga ili mwanga usitoke nje. Mmoja ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji baridi asisinzie, na huku kwetu mwezi wa Juni maji ya bomba yanauma hadi kwenye mifupa. Wengine wanalamba kahawa ya unga kiganjani. Wanaita kupiga msuli, na wanaambizana kwamba dada zao waliofaulu walifanya hivyohivyo. Asubuhi wanasinzia kwenye kipindi changu.

Matroni huambiwa mambo ambayo mwalimu wa darasani hayasikii. Nimekuwa na wasichana ambao siku zao zilikatika miezi miwili, mitatu. Zahanati wakawapima mimba, haipo. Nimekuwa na wenye vidonda vya tumbo wasioweza kumaliza sahani ya ugali na maharage. Nimekuwa na mmoja ambaye mikono ilikuwa ikimtetemeka kila kengele ya jaribio la Jumamosi ikigongwa, mpaka jirani yake wa dawati akawa anamfungulia kalamu. Na hao ndio wale wazuri, wale ambao siku ya kikao wazazi wao huambiwa wasiwe na wasiwasi.

Namkumbuka mtoto wa mkulima wa viazi mviringo, aliyeandikiwa daraja la kwanza la pointi 10. Moko, yaani mtihani wa majaribio wa katikati ya mwaka, ilipotoka alipata pointi 15. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, kwa hiyo bado alikuwa katika daraja lilelile, na kwa matokeo hayo mzazi yeyote angechinja kuku. Lakini kwenye orodha mpya jina lake lilichorewa mshale mwekundu unaotazama chini. Alishinda kwenye chumba cha wagonjwa akisema kichwa kinamuuma. “Nimeshuka, madam,” ndiyo maneno pekee niliyoyapata kwake hadi jioni. Ameshuka kutoka wapi? Hajawahi kufika kwenye pointi 10 hata siku moja. Pale palikuwa mahali walimu wake walipomweka kwa kalamu.

Mwaka uleule, kitanda cha tatu kutoka mlangoni, alilala msichana aliyeandikiwa sifuri. Huyu usingizi aliupata. Prepo ya usiku akawa haendi. Nikimfuata ananiambia anafua, mara anaumwa, mara amemaliza kusoma. Siku niliyombana sana alinijibu kwa adabu kabisa, bila hasira: “Madam, mimi si nimeshaandikwa?”

Maneno yale yalinichoma, na bado yananichoma. Hakuwa mvivu. Darasa la saba alifaulu vizuri, kwao ndiye aliyekuwa akiwasomea wazee barua na maelekezo ya dawa. Alichofanya ni kuisoma orodha yetu na kuiamini. Aliona watu wazima, wenye vyeti na miaka ya kazi, wamekaa kikao wakakubaliana kwamba yeye atafeli. Angetubishiaje?

Sasa tuiangalie hesabu yenyewe, maana wazazi wengi hawajawahi kuonyeshwa inavyokwenda. Baraza la Mitihani la Tanzania linachukua masomo saba ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. B inaanzia alama 65, C inaanzia 45, D inaanzia 30. Mtoto mwenye C tano na D mbili ana pointi 23, na hilo ni daraja la tatu. Tuseme C zake mbili ni za alama 64. Mwongezee alama moja tu katika kila somo kati ya hayo mawili: sasa ana B mbili, pointi zake ni 21, daraja la pili. Alama mbili! Ni swali moja la kuchagua jibu katika somo moja na jingine kama hilo katika somo la pili. Mtoto huyo ubaoni kwetu tungemwandika “III” kwa wino mzito, na mwenzake wa alama mbili zaidi tungemwandika “II”, na tungewaweka kwenye vikundi viwili tofauti vya kujisomea.

Kule chini ni hivyohivyo. Sifuri ni pointi 34 na 35. Mtoto akipata D mbili na F tano ana pointi 33, yumo daraja la nne. Yaani yule wa kitanda cha tatu alihitaji alama 30 za Kiswahili na alama 30 za Uraia ili sifuri imwepuke. Daraja la nne si la kuchinjia kuku, nakubali. Lakini D mbili ni kitu cha kushika. Mtu anaweza kurudia masomo mengine kama mtahiniwa wa kujitegemea, na zikifika D nne, hizo ndizo vyuo vingi vya ngazi ya cheti huulizia. Miezi kumi inatosha kabisa kumfundisha mtoto anayeongea Kiswahili tangu alipozaliwa alama 30 za Kiswahili. Aliyejua Januari kwamba haitawezekana alijulia wapi?

Tena tusisahau lugha. Jiografia yangu inafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kuna watoto ambao wakinieleza kwa Kiswahili jinsi mvua za milimani zinavyonyesha unatamani umwite mkaguzi aje asikilize, na karatasini wameandika mistari miwili isiyoeleweka. Ninapowakadiria D, sehemu kubwa ya D ile ni Kiingereza chao cha leo. Kiingereza hukua. Nimewaona watoto waliofunguka mwezi wa nane, ghafla, kama vile mtu amewavua kitu usoni, na orodha ya Januari ikiwa ingali ubaoni inasema vingine.

Na moko, ambayo ndiyo inayotumika kurekebisha utabiri wa Januari, nayo si ya kuaminiwa hivyo. Inatungwa mkoani au kwenye kanda, Baraza halihusiki. Inafanyika katikati ya mwaka, wakati shule nyingi hazijamaliza mada. Na tunaisahihisha kwa kubana. Kila mwalimu anayesoma hapa anajua ninachosema: jibu ambalo Novemba lingepata alama mbili, kwenye moko linapewa moja au linakosa kabisa, ili watoto washtuke waongeze bidii. Kubana kuna hoja yake, siwezi kuikataa. Lakini haiwezekani tubane alama mwezi wa saba ili kumtisha mtoto, halafu mwezi wa nane tuichukue alama ileile iliyobanwa tuite kipimo cha atakachopata. Ama ni kitisho ama ni kipimo. Wazazi hawaambiwi ni kipi, na mtoto ndiyo kabisa.

Wenye umri wangu hatujasahau matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Yalitangazwa Februari 2013, na watahiniwa 240,903 walikuwa na sifuri, asilimia 60 hivi ya waliofanya. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliunda tume, na ilipofika Mei serikali iliyafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya. Ufaulu ukapanda kutoka asilimia 34.5 hadi 43. Hakuna mtoto aliyerudi kwenye chumba cha mtihani. Karatasi zilikuwa zilezile, mwandiko uleule, makosa yaleyale. Aliyekuwa sifuri Februari akajikuta Mei ana daraja la nne. Siandiki haya kulisema vibaya Baraza. Lakini ikiwa watu waliokuwa na majibu ya mtoto mkononi waliweza kumpa madaraja mawili ndani ya miezi mitatu, mimi mwalimu wa somo, ambaye hata maswali siyajui, napata wapi ujasiri wa kubandika daraja lake ukutani? Na tangu hapo kipimo chenyewe kimebadilika tena: matokeo ya 2014 yalitoka kwa GPA, muda mfupi baadaye tukarudi kwenye madaraja. Mtoto aliyetabiriwa kwa kipimo kimoja angeweza kupimwa kwa kingine.

Wenzetu wa Uingereza, ambao mitihani yao ya Cambridge ndiyo tuliyokuwa tukiifanya kabla ya Baraza letu kuundwa mwaka 1973, wamelijenga jambo hili ndani ya mfumo wao. Kule mwanafunzi huomba chuo kikuu miezi kadhaa kabla ya kufanya mtihani wa mwisho wa sekondari, na walimu wake hutuma alama wanazotabiri atapata. Chuo kinampa nafasi au kinamnyima kwa kuangalia utabiri huo. Mwaka 2016 mtafiti Gill Wyness alilinganisha utabiri na matokeo halisi: waliopata kile hasa kilichotabiriwa walikuwa asilimia 16. Asilimia 75 walikuwa wametabiriwa juu ya uwezo waliokuja kuuonyesha. Lakini lililonigusa zaidi ni hili: kati ya wale waliofaulu sana, waliotoka familia maskini ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutabiriwa chini ya walichopata. Tena hao ni walimu wa nchi yenye vitabu vya kutosha na madarasa ya watoto 30. Mimi nina mkondo wa watoto 70.

Halafu ikaja korona. Mwaka 2020 Uingereza ilifuta mitihani, ikaamua watoto wapewe alama bila kufanya mtihani. Walimu walituma makadirio yao, na mamlaka ya mitihani, Ofqual, ikayapitisha kwenye kanuni ya hesabu iliyoangalia pia jinsi shule ilivyofaulu miaka ya nyuma. Matokeo yalipotoka tarehe 13 Agosti, karibu asilimia 39 ya alama za England zilikuwa zimeshushwa chini ya makadirio ya walimu. Mtoto hodari katika shule yenye historia mbaya alipewa alama za kaka zake waliomtangulia. Vijana wakaingia mitaani London, wakasimama mbele ya wizara ya elimu, na tarehe 17 Agosti serikali ikaitupa kanuni ile. Scotland walikuwa wamekwisha kurudi nyuma siku chache kabla. Sisi mwaka huohuo tulifunga shule Machi, tukafungua kidato cha sita tarehe 1 Juni na wengine wote tarehe 29 Juni, na Novemba watoto wetu wa kidato cha nne wakaingia ukumbini wakaandika wenyewe. Walipoteza zaidi ya miezi mitatu ya masomo. Lakini kila mmoja alihukumiwa kwa mkono wake, na kwa hilo nilimshukuru Mungu.

Nimesema ugomvi wangu unaanza orodha inapotoka ofisini. Niseme sasa inachofanya hata kwetu walimu, maana mtoto siye peke yake anayeisoma. Ikishajulikana nani ni wani na nani ni ziro, ratiba inaanza kuinama. Wa juu wanatengewa mkondo wao, wanapewa mwalimu wa Fizikia mwenye uzoefu, wanapata ufunguo wa maabara Jumamosi. Wa katikati wanapewa maswali ya mitihani iliyopita wajisomee. Wa chini wanatumwa. Ndiyo: kukiwa na ugeni shuleni, kukiwa na kuni za kupakua, anayetolewa darasani ni yule ambaye tumekwisha kuamua kwamba kukaa kwake darasani hakutabadilisha kitu. Mkulima wa huku kwetu akiona mahindi ya kipande fulani yamedumaa, mfuko wa mbolea uliobaki anaupeleka pale. Sisi tunaupeleka kwenye mahindi yaliyokwisha kutupita kimo, kwa sababu hayo ndiyo yatakayopigwa picha.

Kwa baadhi ya shule za binafsi utabiri umekuwa mlango wa kumtolea mtoto. Usajili wa watahiniwa wa kidato cha nne hufungwa mwishoni mwa Februari, kwa hiyo Desemba na Januari ndio msimu wa barua. Mtoto wa mdogo wangu aliletewa yake. Wastani wa shule ni 55, mwanenu amepata 52, kwa mwenendo huu anatarajiwa daraja la tatu, mnashauriwa kumtafutia shule nyingine. Mdogo wangu alinipigia simu usiku: “Dada, wanasema ataiharibia shule jina.” Walikuwa wamemlipia ada kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Serikali imekwisha kukataza zaidi ya mara moja kumfukuza au kumkaririsha mtoto kwa sababu ya wastani wa shule, na ndiyo maana barua haisemi amefukuzwa, inasema mnashauriwa. Kijana alihamia shule ya kata, akaanza kidato cha nne mahali asipomjua hata mtu mmoja, na mtihani wake alifanyia huko. Msiniulize alipata daraja gani. Hata kama angepata sifuri, barua ile ingebaki kuwa dhuluma, kwa sababu ilimwadhibu kwa kosa ambalo alikuwa hajalitenda.

Kuna jambo moja zuri ambalo sharti nilitaje. Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, Baraza la Mitihani liliacha utaratibu wa kutaja shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa. Wapo waliolalamika, mimi nilifurahi. Na ukiyafungua matokeo ya kidato cha nne kwenye tovuti ya Baraza utakuta namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, daraja na herufi za masomo. Jina halipo. Kwa hiyo matokeo ya kweli, yaliyotokana na mtihani wa kweli, taifa linayatoa bila jina la mtoto, na makisio yetu ya Januari sisi tunayabandika na majina matatu, la kwake, la baba na la babu. Halafu siku ya kikao cha wazazi yanasomwa kwa kipaza sauti. Nimekaa kwenye kikao hicho. Nimemwona baba akitazama chini jina la bintiye liliposomwa, watu wa kijiji chake wakiwa benchi la nyuma. Baadaye aliniuliza pembeni: “Mwalimu, magunia yote yale nimeuza nilipie daraja la tatu?” Nikamwambia, mzee wangu, mtihani bado. Akasema, “Lakini ninyi mmeshasema.”

Utabiri unamfuata mtoto hadi kwenye selfomu. Kidato cha nne huchagua tahasusi na vyuo kabla ya kufanya mtihani, na wanachagua wakiwa wamekaa na sisi walimu. Msichana anataka PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, kwa sababu shangazi yake ni mkunga naye anataka kuwa daktari. Mwalimu anaangalia jedwali, anaona Fizikia D, anamwambia usijidanganye, andika HGL, ya Historia, Jiografia na Kiingereza. Anaandika. Ni kweli kwamba TAMISEMI hufungua dirisha la kubadilisha machaguo baada ya matokeo. Lakini wakati huo mtoto yupo kijijini, simu ni ya kaka, bando ni la kuomba, na mtu wa kumwambia kwamba C yake ya Fizikia sasa inamruhusu hayupo. Naomba walimu wenzangu tumwache aandike anachokitaka. Mtoto hana haja ya kuiogopa fomu ile kiasi hicho; alama zake zikikataa Januari, zitakataa zenyewe.

Najua nitakachojibiwa na wakuu wa shule, na wengi wao nawaheshimu. Watasema mtoto asipoambiwa ukweli atabweteka. Nakubali kwamba aambiwe ukweli. Ukweli ninaoufahamu mimi ni huu: msichana mmoja alipata D ya Jiografia kwenye moko. Nilimwita na karatasi yake. Kwenye usomaji wa ramani alikuwa amepima barabara yenye kona kwa rula iliyonyooka, badala ya kuifuata kwa uzi au ukingo wa karatasi. Kwenye takwimu alichora grafu nzuri akasahau kuandika skeli na kichwa cha habari. Swali la insha alilijibu nusu ya kwanza tu, kwa sababu sehemu ya pili ilikuwa upande wa nyuma wa ukurasa naye hakugeuza. Tulikaa kwenye ngazi za bweni na uzi wa kushonea na ramani, Jumapili mchana, tukapima barabara mpaka akacheka. Hayo yote yalikuwa kwenye karatasi yake ya majibu. Kwenye orodha ubaoni kulikuwa na herufi moja.

Kwa hiyo ninachokiomba si kikubwa wala hakihitaji bajeti. Jedwali la Januari libaki kwenye kabati la taaluma, lisomwe na walimu, na litumike kumpangia msaada yule aliye nyuma. Lisibandikwe, lisisomwe kwenye kikao, lisipelekwe kwa mzazi kwa ujumbe wa simu. Moko ikisahihishwa kwa kubana, mtoto aambiwe kwamba imebanwa. Mishale myekundu iachwe. Na kila mtoto arudishiwe karatasi yake ya majibu ya moko, ya kila somo, akae nayo na mwalimu hata kwa dakika kumi. Kwa mkondo wa watoto 70 najua hilo ni kazi nzito, mimi ndiye ninayeifanya, inachukua majuma. Lakini kuchapa orodha, kuipaka rangi, kuichora mishale na kuisoma kwa kipaza sauti nako kunachukua muda, na muda huo tumekuwa tukiupata.

Wazazi nao nawaomba jambo moja. Mkienda kikaoni, msiulize mwanangu ametabiriwa daraja gani. Mwulizeni mwalimu wa kila somo: anakosea wapi, na tangu moko mmelifanyia nini kosa hilo? Mwambieni awaonyeshe karatasi. Mkiambiwa karatasi zilishachomwa au hazijulikani zilipo, msiondoke. Ombeni kumwona mkuu wa shule siku hiyohiyo, mwulizeni orodha ile waliitoa kwenye nini.